Picha za ndugu saba: nilipofikia

Baba yangu na ndugu zake walizaliwa saba, Korogwe. Aliyebaki hai ni shangazi peke yake, kitinda mimba wao, na macho yameanza kumsumbua. Ndiyo maana sasa nakimbizana na kazi hii ya picha zao za zamani, tofauti na mwezi wa kwanza nilipodhani ni kuskani na kuhifadhi tu.

Hesabu ya leo: picha 64 ziko tayari, 19 bado zimeng'ang'ania kwenye albamu. Ni zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu yake. Gundi imegeuka rangi ya chai na haitaki kuachia. Napitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na karatasi, taratibu, kama anayekata sabuni ya mche. Moja niliivuta kwa pupa ikachanika, ikaondoka na nusu ya mkono wa baba mdogo. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo, isiyotoka naiskani ikiwa humohumo kwenye ukurasa wake.

Naskani kwa nukta 600 kwa inchi, zile ndogo za paspoti 1200. Picha za rangi za miaka ya themanini zimechoka kuliko za nyeusi na nyeupe za miaka ya sitini. Rangi zile hufifia hata zikikaa gizani, lakini picha ya nyeusi na nyeupe imejengwa na chembe za madini ya fedha. Bibi wa 1963 anaonekana mpaka mishono ya gauni. Kwenye harusi ya 1984 watu wote wamekuwa wekundu.

Kazi ngumu ni miaka. Mwanzoni niliamini maandishi ya nyuma. Halafu nikakuta picha ya babu imeandikwa 1971, na babu alifariki 1969. Mtu aliandika baadaye, kwa kukisia. Sasa natazama nguo kwanza.

Kuna shati moja la mistari ambalo kifungo chake cha tatu ni cheupe, vingine vyote vyeusi. Picha moja amelivaa baba mkubwa, linambana kwapani. Nyingine amelivaa baba, mikono imekunjwa mara mbili. Ya tatu limemfika baba mdogo magotini, na kifungo cheupe ni kilekile. Kwa shati hilo nimepanga picha tatu ambazo hakuna aliyejua ipi ilitangulia. Ile ya baba niliitazama muda mrefu. Mimi nilimjua akiwa na mvi, na hapo ni mtoto ndani ya nguo ya kaka yake, amesimama wima kama askari.

Ya baba mkubwa akiwa stesheni nilikuwa nimeiweka miaka ya themanini. Nilipoikuza, beji ya kofia ikasomeka: bado ni Reli ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika 1977, kwa hiyo nimeirudisha nyuma.

Jumamosi nilikwenda kwa shangazi na kompyuta, nikamkuzia picha mpaka zikajaa kioo. Tulipofika kwenye ile ya dada yao mkubwa mbele ya studio, sketi fupi, mkono kiunoni, hakufikiri hata kidogo.

"Hiyo kabla ya Operesheni Vijana."

Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Oktoba 1968 kwamba sketi fupi na suruali za kubana mwisho, kuanzia Januari 1969. Shangazi anasema dada yake alikuja likizo kutoka Dar na sketi hiyo, na bibi akakataa asitoke nayo nyumbani bila kufungwa kanga juu yake. Akafungwa. Walipofika mlangoni pa studio akaifungua.

"Kanga akampa nani, shangazi?"

Akaweka kidole kwenye pembe ya kushoto ya kioo. Pale pana mtoto wa kike, nusu yake nje ya picha, amekumbatia nguo iliyokunjwa. Kwenye orodha yangu nilikuwa nimeandika "mtoto wa jirani?"

"Si ndiye mimi huyo, mwanangu? Niliambiwa nisiiangushe."

Nimefuta. Nyuma ya picha nimeandika kwa penseli laini, maana wino hupenya: Korogwe, 1968, dada mkubwa na kitinda mimba, kanga ya mama.