Likizo ya Juni Moshi: panda mlimani asubuhi, shuka bondeni ukitafuta joto

Shule zikifungwa mwezi wa sita, Moshi huwa katikati ya baridi. Masika yamekwisha, ardhi bado ina unyevu, na upepo wa kusini unasukuma mawingu hadi yanaegemea Mlima Kilimanjaro. Kijana wa Kibosho au Uru, huko mlimani, anaamka na ukungu mlangoni, na siku hiyohiyo mwenzake wa Mabogini, bondeni, anatafuta kivuli saa sita mchana. Mashamba ya mpunga ya huku chini yako kwenye mita 700 na ushee kutoka usawa wa bahari, lango la Marangu liko karibu mita 1,900. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua nyuzi kama 6. Anayepanga likizo bila kuangalia mwinuko anajikuta anatetemeka kwenye maporomoko saa kumi jioni, au anaendesha baiskeli kwenye jua la mchana huku njia yote iliyobaki ni mlima.

Kwa hiyo wadogo zangu, mlimani nendeni mapema, mchana muwe mmeshaanza kushuka. Bondeni kwa baiskeli ni asubuhi. Na siku ya baridi kali, ile ambayo mlima hauonekani kabisa, ndiyo siku ya kwenda kwenye maji ya uvuguvugu.

Wengi wenu mtapelekwa kwa bibi. Huko anzeni na kahawa. Zao hili ndilo lililozaa chama cha wakulima cha KNPA mwaka 1925 na ushirika wa KNCU mwaka 1933, lakini wapo vijana waliokua katikati ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, ambao hawajawahi kunywa kikombe cha kahawa ya nyumbani kwao. Inaniuma, kwa sababu kazi yote inaweza kufanyika nyumbani kwa ndoo, kinu, ungo na kikaango.

Juni kahawa nyingi za juu bado ni kijani. Za chini ndizo zinaanza kuiva, na uchumaji wenyewe unashika kasi kuanzia Julai. Muombeni babu au bibi ruhusa kwanza, maana hiyo ni fedha ya nyumba, kisha chumeni zilizo nyekundu kabisa. Ukichanganya na za kijani, kikombe kitakuwa na ukali wa majani mabichi na hakuna namna ya kuurekebisha mbele ya safari. Kilo 6 za kahawa mbivu hutoa kama kilo 1 ya kahawa safi iliyokobolewa, nayo ikikaangwa hubaki gramu 850 hivi. Kilo 6 zinawatosha vijana wanne kujifunzia.

Zimwageni kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ni tupu au zimeliwa na wadudu, ziondoeni. Zilizozama zimenyeni siku hiyohiyo, kwa mashine kama ipo, au kwa vidole: unabana tunda na punje mbili zinaruka nje. Zikilala na maganda yake usiku kucha huanza kuchacha vibaya. Punje zilizomenywa zina utelezi, hivyo ziacheni kwenye ndoo iliyofunikwa hadi utelezi uachie. Sehemu za joto saa 12 hadi 24 zinatosha, ila kwenye baridi ya Juni huko juu huweza kufika saa 36 au zaidi. Saa ya ukutani isikuamulie, chukua punje kiganjani uzisugue kwa maji: zikikwaruza kama changarawe, tayari. Zikiteleza bado. Zikinuka siki umechelewa.

Osheni hadi maji yatoke safi, kisha zianikwe kwenye kichanja cha wavu, zisianikwe chini, kwa sababu kahawa hufyonza harufu ya udongo na haiiachi. Tabaka lisizidi sentimita 3. Geuzeni mara kadhaa kwa siku, funikeni usiku na manyunyu yanapoanza. Kwenye jua zuri huchukua siku 7 hadi 10, na kwa mawingu ya Juni hesabuni wiki mbili au tatu. Hapa ndipo vijana wanapokosa subira. Kahawa iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota ukungu ndani ya gunia. Menya punje moja uing'ate: jino likiacha alama, rudisha kwenye kichanja. Kama likizo yenu ni fupi, muombeni bibi kahawa ya maganda, yaani iliyokauka lakini haijakobolewa, ya msimu uliopita, muanzie hatua inayofuata, na hizi mlizochuma zimaliziwe na atakayebaki nyumbani.

Kukoboa ni kinu na mchi, ila kwa mapigo mepesi. Unataka ganda lipasuke na punje ibaki nzima. Pepeteni kwa ungo, toeni punje nyeusi na zilizovunjika, maana vipande huungua kabla ya punje nzima kuiva.

Kukaanga ndiko kuzuri kuliko kote. Tumieni kikaango kizito au chungu, moto wa mkaa wa wastani, bila mafuta, gramu 250 kwa mara moja. Zaidi ya hapo mwiko haufiki kote. Koroga bila kuacha hata dakika moja. Baada ya dakika 5 hivi punje zinageuka njano na kunukia kama mkate, halafu hudhurungi, na kati ya dakika ya 10 na ya 12 mtasikia zinapasuka kama bisi. Ule mlio ndio wa kusubiri. Ukitoa dakika 1 au 2 baada ya mlio kuanza unapata kahawa laini yenye uchachu mtamu. Ukisubiri hadi dakika 3 au 4 ni nzito na nyeusi zaidi. Moto ukiwa mkali mno, nje huungua na ndani hubaki mbichi, kikombe kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Ukiwa dhaifu mno, kahawa inakaa nusu saa bila kupasuka na inatoka haina ladha. Ikifikia rangi unayoitaka, imwage mara moja kwenye ungo na uirushe kwenye upepo hadi ipoe, ndani ya dakika 4. Ukiiacha kwenye kikaango itaendelea kuiva yenyewe hata ukiwa umeshaitoa motoni.

Ipumzisheni hadi kesho yake, twangeni, na pimeni gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani vijiko vya chakula 10 hadi 12. Chemsheni maji kwanza, epueni, tieni kahawa, korogeni, funikeni dakika 4, iacheni itulie chini kabla ya kumimina. Kikombe cha kwanza ni cha bibi.

Kutoka vijijini juu kuna safari mbili za siku moja ninazozipendekeza. Ya kwanza ni maporomoko ya Materuni, Uru, yenye urefu wa takriban mita 80. Daladala za Uru zinatoka mjini Moshi, kijijini unalipa kiingilio na kupata mwongozaji, halafu ni chini ya saa moja kwa miguu. Ugumu wa njia ni utelezi. Udongo wa kule ukinyeshewa manyunyu ya usiku unakuwa kama sabuni, na kandambili zinaishia kwenye mfereji. Vaeni raba zenye meno, bebeni nguo za kubadilisha zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mvuke wa maporomoko unalowanisha hata asiyeogelea. Msisimame chini kabisa ya maji yanapoanguka, maji yanaweza kushuka na mawe. Muwe mmefika saa nne, wingu likishuka baridi haivumiliki na mwili uliolowa.

Ya pili ni kupanda kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyohiyo. Ni kilomita 8 hivi za msitu, saa 3 hadi 4 kupanda, na mbega wanaonekana juu ya miti kwa anayetembea bila kelele. Robo saa mbele ya kambi kuna kreta ya Maundi, yaani shimo la volkano ya zamani, na mlima ukiwa wazi unaona Kenya upande wa pili. Hii ni hifadhi ya taifa: unaingia na mwongozaji mwenye leseni, na viingilio vya Watanzania viko chini sana kuliko vya wageni, mradi uwe na kitambulisho. Mwanafunzi asiyebeba chochote cha kuonyesha uraia wake anajitafutia usumbufu getini. Kila mmoja abebe lita 2 za maji, sweta, koti la mvua, na chakula kisichochacha: viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi, chapati kavu. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikija, dawa ni kushuka, hata kama wenzako wamekaribia kambi.

Sasa tushuke. Kwa baiskeli, njia ninayoipenda ni kutoka mjini kupitia msitu wa Rau hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini. Rau ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, na ndani yake kuna mivule mikubwa mno. Ukitoka msituni unaingia kwenye mifereji, majaruba na ndege weupe. Ukiwa na nguvu unaweza kuendelea kusini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC.

Angalieni mteremko. Kwenda, baiskeli inashuka karibu yenyewe, kila mtu anajiona bingwa, na kikundi kinafika mbali kuliko kilivyopanga. Kurudi ni mlima mrefu usioonekana kwa macho lakini mapaja yanauhisi, na jua limeshapanda. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, na saa tatu na nusu geuzeni, popote mtakapokuwa. Usiku wa kabla ya safari kagueni raba za breki, tieni oili kwenye cheni, na jazeni upepo hadi kidole gumba kisiweze kubonyeza tairi. Tairi legevu linabana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo.

Pancha ya kawaida, hata hivyo, ni ya mwiba wa mgunga, na kikundi kisichojua kuiziba kitasukuma baiskeli hadi mjini. Bebeni vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, gundi, kipande cha msasa, pampu na spana ya nati za gurudumu. Toeni upande mmoja wa tairi, vuteni tyubu, jazeni upepo kidogo na izamisheni kwenye mfereji. Mapovu yatawaonyesha tundu, wekeni alama kwa kalamu. Kausheni kabisa, sugueni kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, pakeni gundi nyembamba, kisha subirini dakika 5 hadi isishike kidole. Wengi wanabandika gundi ikiwa bichi, ndiyo maana kiraka kinabanduka baada ya kilomita moja. Bandikeni, mkandamize kwa nguvu. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisheni vidole polepole ndani ya tairi lote mtafute mwiba. Ukibaki umo, mtaziba tena tundu lilelile dakika kumi baadaye.

Siku ya baridi kali ni ya Chemka, chemchemi za Kikuletwa huko Rundugai. Maji ni ya uvuguvugu, ya buluu, yanaonekana hadi chini, na samaki wadogo wanadonoa miguu. Panda daladala ya barabara ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, halafu bajaji au bodaboda kwa njia ya vumbi. Patana bei ya kwenda na kurudi kabisa, chukua namba ya dereva, na nusu ya fedha ilipwe mkirudi. Jumapili pamejaa. Jumanne hadi Alhamisi ndipo mtapata nafasi.

Kamba ya kurukia inaumiza wazembe kwa njia moja: mtu anasita, haachii kamba ikifika mbali kabisa, inarudi naye na anaangukia mizizi ya miti. Achia kamba ikiwa mbali, au usipande. Mmoja kwa wakati, na aliye majini aondoke kwanza.

Asiyejua kuogelea ajifunze kuelea siku hiyo, sehemu ambayo maji hayapiti kifua. Mwenzake amshike chini ya mabega. Avute pumzi mapafu yajae, alaze kichwa nyuma hadi masikio yazame, ainue tumbo, aangalie juu. Akiinua kichwa kutazama miguu, miguu inazama, na kila anayeanza hufanya hivyo kwa sababu ya woga. Msimwachie ghafla kwa utani. Mwambieni kwanza, ondoeni mkono mmoja, halafu wa pili.

Kwa walio Arusha, mji wenyewe uko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo Juni yenu ni baridi kuliko ya Moshi mjini. Siku nzuri ya kikundi ni Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru. Nunueni maparachichi na mkate sokoni, halafu tembeeni hadi ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, lenye njia ya kulizunguka kwa miguu. Kingo zake ni za mwinuko mkali na maji yake yana kina kirefu, hivyo kaeni kwenye njia. Ikinyesha, rudini mjini muingie makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, karibu na mnara wa Mwenge. Maparachichi chagueni magumu kidogo kama mtayala mchana, maana yaliyoiva kabisa yatapondeka kwenye begi kabla hamjafika ziwani.