Kati ya picha ya tatu na ya nne

Kile kitabu cha mbinu za kupigana kilikuwa kimeshapita mikono mingi kabla hakijafika kwangu. Jalada limelegea, kurasa za ngumi na mateke bado safi kabisa, ila zile za kukabana chini zimechakaa kwenye kona kwa kufunguliwa, na nadhani hiyo ndiyo iliyonifanya nianzie huko. Nilikuwa na miaka 17. Klabu sikuwa nayo wala mwalimu, nilikuwa na kitabu, godoro la sponji tulilolishusha sakafuni, na mdogo wangu ambaye nilimtangulia miaka miwili lakini kwa uzito alikuwa kaniacha mbali.

Mbinu niliyoitaka ilikuwa moja tu, kabali ya pembetatu. Yaani we uko chali, jamaa yuko juu yako katikati ya miguu, unaubakiza mkono wake mmoja ndani, mwingine unausukuma nje, halafu unapandisha mguu juu ya bega unamzungushia shingo na kile kifundo unakifungia nyuma ya goti la mguu wako wa pili. Watu wa judo wanaiita sankaku. Kilichonivuta kwenye hii mbinu ni kwamba ndiyo Royce Gracie, mpiganaji wa jiu-jitsu kutoka Brazil, aliyommaliza nayo Dan Severn kwenye UFC 4, mashindano ya mapigano ya mitindo mchanganyiko, Desemba 1994. Gracie alikuwa na kama kilo 80, Severn mwanamieleka wa zaidi ya kilo 110, kamlalia karibu pambano zima, halafu dakika ya 16 hiyo miguu ikapanda na Severn akatapu, yaani akagonga kuonyesha kakubali kushindwa. Mimi ambaye kila nikikamatana na mdogo wangu naishia kulaliwa, habari hiyo niliisoma sijui mara ngapi.

Kitabuni mbinu yenyewe ilikuwa na picha sita. Karibu wiki tatu kila jioni tulizifuata moja moja, kitabu kiko wazi pembeni na kiatu juu yake kisijifunge, na kila nikifika ya sita nabana magoti kwa nguvu zote mpaka mapaja yanatetemeka, na mdogo wangu huko katikati ananiambia taratibu, "Kaka, mi napumua tu." Maelezo chini ya picha yalisema funga kisha bana. Nilikuwa nafunga, nilikuwa nabana. Nikaanza kuamini kwamba labda miguu yangu haina nguvu, na hilo liliniuma kweli maana nilishaipenda hii kitu.

Sasa jioni moja yeye kachelewa, nikalala kifudifudi na kitabu peke yangu, bila haraka ya kumgeukia mtu. Nikaacha kuwatazama wale watu wawili nikatazama walipolalia. Sakafu ya picha ilikuwa na mistari, pale matandiko yanapoungana. Kwenye picha ya tatu mgongo wa yule wa chini umelala sambamba na mstari. Kwenye ya nne ule mstari unapita chini ya mbavu zake, umemkata! Kichwa kimekwenda pembeni, sasa haangalii uso wa mwenzake, anaangalia sikio. Na mguu wake mmoja, ambao siku zote niliuona kama umekaa tu, umekanyaga nyonga ya yule wa juu, maana yake ndio aliousukumia. Mkono mmoja umeshika ugoko wake mwenyewe kuuzuia mguu usiteleze wakati anageuka. Mtu alikuwa kazungusha mwili mzima kati ya picha mbili na mwandishi kaandika neno moja tu, "jirekebishe". Yaani wiki tatu zote nilikuwa nabana nikiwa nimenyooka mbele yake.

Aliporudi sikumweleza kitu, nilimwambia tu tujaribu tena. Nikakanyaga nyonga, nikashika ugoko, nikageuka mpaka nikaliona sikio lake, ndipo nikafunga. Nikageuza macho kitabuni kuhakikisha picha ya tano. Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanafanya hivi vitu nyumbani. Kabali hii ikikaa vizuri haigusi sana koo, inabana mishipa mikubwa ya damu pande mbili za shingo, upande mmoja paja lako, upande wa pili bega lake mwenyewe, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache bila hata kukohoa. Mimi nilikuwa nasubiri anipigie kelele. Hakukuwa na kelele. Nilichosikia ni kisigino kinagonga sakafu, mara mbili, mara tatu, mkono wake wa ndani nimeubana na ule wa nje sijui ulikuwa wapi.

Nikafungua. Akakaa, macho mekundu, hakusema kitu kwa muda, mi moyo unanienda mbio namshika mabega namuita jina. Mwishowe akasema, "Niliona giza linaingia pembeni." Nikamuomba msamaha, akaniambia hamna shida, ila nilikifunga kitabu na tangu siku hiyo tukakubaliana kwamba ukishashika shingo ya mtu unamtazama yeye tu, na akigonga popote, kwa mkono, mguu au hata akiguna, unaachia kwanza ndio unauliza.

Baada ya kunywa maji akasema zamu yake. Nikachukua penseli, kati ya picha ya tatu na ya nne nikamchorea kimstari kilicholala na kingine kinachokikata, nikamwonyesha na ule mguu kwenye nyonga. Yeye ana miguu mifupi minene, yule wa kwenye picha alikuwa mrefu, kwa hiyo alipogeuka kama mimi kifundo hakikufika nyuma ya goti. Akajaribu mara ya pili hakikufika. Mara ya tatu hakutazama penseli yangu wala picha, akazidi kugeuka, akaendelea tu kugeuka mpaka karibu alale ubavu wangu, nikasikia bega langu mwenyewe linaingia shingoni, masikio yakaanza kuvuma.

Nikagonga, naye akaachia hapo hapo.