Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: tazama mwezi kabla ya kupanga siku

Wanaopanga kwenda Kilwa, kuona visiwa hivi viwili vya magofu katika pwani ya kusini ya Tanzania, huanza na nauli na mahali pa kulala. Anza na mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hapa hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hayajai tena mpaka kwenye saa kumi jioni. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji huwa yamejaa saa zile zile za asubuhi ambazo kwenye bamvua yanakuwa yamekauka.

Kwa Kisiwani hilo si tatizo kubwa. Mlango wa bahari kutoka gati la Kilwa Masoko, mji ulioko bara, ni mwembamba, na ukikuta maji yamepwa utashuka na kutembea majini hatua kadhaa. Songo Mnara ndiko watu wanakokwama. Magofu yamezungukwa na mikoko, na maji yakipwa chombo hakisogei karibu: unakanyaga tope, viatu mkononi, huku nahodha anakuhimiza urudi kabla hajakaukiwa. Songo Mnara ipange siku ya maji mafu, uondoke Masoko alfajiri. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka mchana, kwa hiyo kurudi kusicheleweshwe. Usijaribu kuvibana visiwa vyote viwili katika siku moja. Utaishia kupiga picha tu.

Anayetoka Lindi au Mtwara hushuka Nangurukuru, njia panda kwenye barabara kuu, kisha hupanda gari la Masoko. Kibali cha kutembelea magofu hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, tunza risiti. Patana bei ya chombo ya kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kukusubiri, mkiwa bado gatini. Beba maji ya kunywa na kofia. Kisiwani ni kijiji cha watu, na misikiti yake ya kale inaheshimiwa hata ikiwa gofu: vaa nguo za stara, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Ukishuka Kisiwani, jengo la kwanza ni ngome iitwayo Gereza. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, ila kuta unazoziona leo nyingi ni za wakati wa Waomani. Usimalizie muda hapo. Nenda Msikiti Mkuu, na ukifika anzia upande wa kaskazini. Hicho ndicho chumba cha zamani, cha karne ya 11, kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Upande wa kusini ni nyongeza ya karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipita mikononi mwa masultani wa Kilwa. Nguzo zake za kwanza zilikuwa za jiwe zima la tumbawe. Paa likaanguka. Katika karne ya 15 mafundi walirudi na nguzo za pembe nane, za mawe yaliyofungwa kwa chokaa, na hizo ndizo zinazobeba kuba na matao mpaka leo. Simama katikati ya safu hizo asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, utaona kila tao lilivyoegemea jirani yake.

Angalia pia mawe yenyewe. Ukutani kumejazwa mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, hayana umbo. Kwenye mihrabu na miimo ya milango kuna tumbawe laini lililokatwa baharini, likachongwa likiwa bado bichi. Likikauka linakuwa gumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Mvua huimumunya taratibu, mizizi ikaingia kwenye nyufa, mawe yakalegea. Ndiyo maana kupanda ukuta ni hatari kwako na kwa jengo. Kuziba kwa saruji nako huharibu: saruji ni ngumu kupita tumbawe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe la kando ndilo linalomeguka. Ukarabati wa chokaa, pamoja na kuzuia mmomonyoko wa ufukwe, ulisaidia eneo hili kuondolewa mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, lilikokuwa tangu 2004.

Husuni Kubwa iko mbali na magofu mengine, upande wa mashariki, juu ya jabali la bahari. Wengi huiacha mwisho, wakafika wamechoka na jua limewaka. Ingefaa kuanzia huko. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipopita mwaka 1331: vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogelea la pembe nane ambalo umbo lake bado ni kamili.

Songo Mnara inakupa kitu ambacho Kisiwani haina, yaani mji wa makazi. Nyumba za mawe, misikiti, makaburi na ukuta wa mji, vingi vya karne ya 14 na 15, vimesimama kiasi kwamba unaingia uani na kujua wageni walipokelewa wapi. Duka hakuna karibu, hivyo chakula ubebe.

Ukibaki na nusu siku, panda gari uende Kilwa Kivinje, mji wa misafara ya pembe na watumwa wa karne ya 19. Uliza Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga, mwaka 1895. Majengo ya Kivinje hayajapata matunzo kama ya visiwani na mengine yana paa zilizobomoka, kwa hiyo yatazame kutoka nje.