Dawa inayofika mpaka ubongoni
Baba mdogo ametoka Kasongo, yuko kwetu hapa Bukavu, amepona malale, ugonjwa wa usingizi! Alitibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli siku 10, kila mara baada ya kula, muuguzi amesimama mbele yake mpaka ameze.

Mishipa ya ubongo ina kuta zilizobanana sana, dawa nyingi hazipenyi. Pentamidini, dawa nyingine ya malale, haisaidii vimelea vya ugonjwa huo vikishaingia kichwani. Zamani ilibaki melasoprolo, sindano yenye aseniki: inachoma mshipa, na iliua kama wagonjwa 5 kwa kila 100. Watu walijua hivyo na bado walidungwa. Feksinidazoli, iliyosajiliwa Kongo mwaka 2018, inamezwa na inafika ubongoni. Nawashukuru kwa moyo wote Wakongomani wagonjwa waliokubali kuijaribu kwanza.