Jahazi lisilonuka sifa

Juzi binti yangu kakatikiwa ukanda wa kandambili, akanijia nayo mkononi: "Mama, hii nikaitupe wapi?" Nikabaki namtazama. Swali hilo hilo babu yake aliwahi kuniuliza, Februari 2019, siku tuliyotoka pwani ya Mji Mkongwe.

Tulikwenda kuiona Flipflopi, lile jahazi la mita 9 lililotoka Lamu likateremka na kaskazi kilomita 500 hivi hadi Unguja. Ali Skanda na mafundi wenzake waliliunda kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa. Mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za chombo, ni plastiki iliyoyeyushwa, na ubavuni wakalivika kandambili 30,000. Baba, fundi wa vyombo, nilimbembeleza wiki nzima atoke Nungwi. Kwake yeye chombo ni mbao, pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa, na sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka chombo.

Maji yalikuwa yamekupwa. Baba akakunja suruali, akaingia. Watu wanapiga picha, yeye kafumba macho, kaweka kiganja ubavuni, anakitembeza polepole kuelekea omo, mbele ya chombo. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akanusa. Kisha mkono ukasita penye kipande cha rangi ya waridi, kidogo, kina tundu la ukanda, na nyuma ya tundu pamebonyea pale kidole gumba cha mguu kilipozoea kukanyaga.

"Huyu alikuwa mtoto," akasema.

Akaingiza ncha ya kidole chake katika ule mbonyeo, akaiacha hapo. Kidole kile kimepigwa na nyundo miaka arubaini, ukucha umepinda. Sikuthubutu kumwita. Maji yalikuwa yanatupiga vifundoni.

"Hii kazi ya fundi," akasema hatimaye. Neno hilo halimtoki ovyo.

Kwenye daladala ya kurudi ndipo akaniuliza. "Mbao ikichoka, mwanangu, huoza, au tunaichomea chokaa. Hii ikichoka, tutaitupa wapi?"

Nikamwambia ndiyo maana wameiunda: watu waone kwamba plastiki haiozi, basi isitumiwe mara moja ikatupwa.

"Kuona, wameona," akajibu, akageukia dirishani. Hatukuzungumza tena mpaka Nungwi.

Ile kandambili ya binti yangu nimeishona kwa uzi wa nyavu. Leo asubuhi imekatika tena, akaja nayo, safari hii hakuuliza kitu.