Mwacheni Korra apumue jamani

Yaani kila mtu akimaliza katuni ya Avatar: The Last Airbender anakuja kuniuliza kuhusu mwendelezo wake, The Legend of Korra, "hiyo ya Korra vipi, nasikia mbovu", na mi nabaki najiuliza nani kawaambia, maana wengi hata hawajaigusa. Sawa, ya kwanza ni moto, 2005 mpaka 2008, episodi 61, safari moja toka mwanzo hadi mwisho, Aang, shujaa wake, ampige Bwana wa Moto basi. Korra alikuja 2012 na hakupewa hiyo nafasi. Sizoni ya kwanza iliandikwa kama vile ndo hiyo hiyo tu, episodi 12 kwisha, baadaye ndo wakaongezewa, kwa hiyo kila sizoni adui mpya na mambo yanaanza upya. Halafu 2014 Nickelodeon wakaitoa sizoni ya tatu kwenye TV ikiwa katikati wakaihamishia mtandaoni, na hiyo ndo kali kuliko zote!! Zaheer, adui wa sizoni hiyo, jamani.

Sizoni ya pili siitetei. Ile ya kukatiwa mawasiliano na Maavatar wote waliopita, yaani wale waliokuwa Avatar kabla ya Korra, inaniuma hadi leo, hapo mashabiki wana haki ya kununa. Ila nyie mnaosema Korra ana kiburi na anapigwa ovyo, mliifikia sizoni ya nne kweli? Mtu kalishwa sumu, miaka mitatu anahangaika kurudi kuwa yeye, na bado anaogopa.

Mdogo wangu yeye yuko timu Toph, yule mhusika aliyemo kwenye katuni zote mbili, mengine anasema hayamhusu.