Kadi za Jackie Robinson zenye kona zilizolika

Anayetaka kuanza kukusanya kadi zenye picha ya Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli wa Marekani, huelekezwa kwanza kwenye kadi namba 79 ya kampuni ya Leaf ya Chicago, katika seti inayoandikwa 1948-49, ambayo hutambulika upesi kwa manjano yake makali nyuma ya picha. Mimi naipendea ubovu wa uchapaji wake, kwani rangi zilipigwa juu ya nyingine bila kulengana sawasawa. Hata hivyo, kwa kuwa wanaoghushi kadi hii ni wengi, siinunui bila lenzi mkononi: wino mweusi wa herufi za enzi hiyo huonekana mzima, ilhali nakala iliyotolewa kwenye picha huonyesha herufi zilizovunjika kuwa nukta ndogo za rangi.

Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, baada ya ligi kuu za besiboli kuwafungia milango wachezaji Weusi kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka huohuo Bond Bread, kampuni ya mikate, ilitoa seti ya kadi 13, zote zikiwa zake peke yake. Kwamba mfanyabiashara alimtumia mtu huyo kuuza mkate katika msimu uleule aliokuwa akizomewa viwanjani, kwangu ni jambo lenye uzito kuliko bei yoyote ya mnadani.

Kadi namba 312 ya kampuni ya Topps ya 1952 ni ghali kwa sababu nyingine. Ilikuwa katika fungu la mwisho la seti, lililofika madukani msimu ukielekea ukingoni, likadoda. Sy Berger wa Topps alisimulia baadaye kwamba mwaka 1960 masalio yalimwagwa katika Bahari ya Atlantiki.

Kampuni za kukagua kadi, kama PSA, hutoa alama kuanzia 1 hadi 10, na bei hupanda kwa kasi ya kutisha kadiri kadi inavyokaribia kumi. Mimi hununua za alama mbili au tatu, na si kwa sababu ya mfuko tu. Kadi za Leaf na Topps ziliuzwa pamoja na chingamu ili watoto wazishike, wabadilishane na kuzifunga kwa ukanda wa mpira, kwa hiyo kona iliyolika hainisumbui hata kidogo. Nisichokubali ni ukingo uliokatwa ili uonekane mpya, na ndiyo maana rula haikosi mfukoni: kadi za Topps za 1952 hadi 1956 zina upana wa inchi 2⅝ na urefu wa inchi 3¾, na pungufu dhahiri ya hapo naiacha mezani.

Kwa anayeanza, ningemshauri aiache Leaf kwanza na atafute Topps ya 1956, namba 30, ambayo nyuma ya picha ya uso wake amechorwa akiteleza kuingia beisi ya nyumbani, pale mchezaji anapopata alama. Desemba ya mwaka huo Dodgers walimpeleka timu ya New York Giants kwa mabadilishano, naye akaamua kustaafu, hivyo Topps hawakutoa kadi yake nyingine akiwa mchezaji.